Korongo-nyangumi na hatima ya ardhi oevu ya Malagarasi

KORONGO-NYANGUMI, ndege mkubwa wa kijivu aishiye katika mafunjo ya Mto Malagarasi, ana mdomo mpana kama kiatu na kimo cha zaidi ya mita moja. Licha ya jina lake, wataalamu humhesabu kuwa jamaa wa karibu zaidi wa mwari kuliko korongo.

Ndege hao wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 duniani kote, wengi wao wakiwa Sudan Kusini. Nchini Tanzania, ngome yao ni ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayozigusa wilaya za Kibondo na Kasulu na kuenea hadi mkoani Tabora. Eneo hilo la hekta 3,250,000, ambalo ndani yake limo Pori la Akiba la Moyowosi, lilikuwa la kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Ndege huyu hana haraka. Husimama kimya kwa muda mrefu akimvizia kambaremamba, samaki anayelazimika kuibuka juu ya maji ili apumue. Jike hutaga yai 1 hadi 3 katika kiota kilichojengwa juu ya majani yanayoelea, lakini kwa kawaida hukua kifaranga mmoja tu, kwa kuwa mkubwa humnyang'anya mdogo chakula na kumpiga. Hivyo, anayeiba kifaranga huyo amechukua uzazi wa msimu mzima.

Biashara ya kimataifa ya ndege hao imedhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 1987. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Tangazo la kuufungua tena, lililotolewa Juni 2022, lilisitishwa baada ya siku chache tu.

Hata hivyo, sheria za biashara hazizimi moto. Viota hujengwa maji yanapopungua, na huo ndio wakati wafugaji huchoma nyasi ili zichipue upya na wavuvi hufungua njia katika mafunjo. Katika nyanda za juu, wakulima pamoja na kambi za wakimbizi, ikiwamo Nyarugusu iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, wote wamehitaji kuni na mashamba. Si haki kumtupia lawama mkimbizi peke yake. Miti inapokatwa, udongo huteremka na mvua hadi mabwawani, yaleyale yanayowapa wanavijiji samaki na kumpa ndege huyu kambaremamba wake.