Namba tasa

Vitabu vya hisabati vya shule huita tasa namba nzima inayozidi 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7. Katika lugha ya kawaida tasa ni kiumbe asiyezaa, na hapo ndipo jina linapoyumba. Chukua 4,294,967,297. Pierre de Fermat aliamini ni tasa, mpaka mwaka 1732 Leonhard Euler alipoonyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Hizo mbili ni tasa kweli, na ndizo zilizoizaa ile kubwa!

Wapo watakaosema jina linatazama kugawanya, si kuzidisha: 641 haina vigawo vya kutoa. Sawa, lakini hilo linathibitisha kwamba haikuzaliwa na nyingine, si kwamba haizai. Sidai neno lifutwe, maana walimu na wanafunzi wamekwisha kulizoea. Ninachotaka ni kwamba mwalimu akiandika “tasa” ubaoni, papo hapo aifungue 12 kuwa 2 × 2 × 3, wanafunzi wawaone wazazi wake.