Meza za Njiani: Hoteli za Zamani za Kiboko na Makindu

Historia ya hoteli za Kiboko, yaani mahali pa kula hata kama hapana vitanda, haitenganishwi na maji wala na vyombo vya usafiri. Kiboko ni kituo kidogo katika kaunti ya Makueni, kati ya Simba na Makindu, penye chemchemi zinazotokana na mvua iliyopenya katika mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu. Na katika nyika kavu kiasi hicho, penye maji ndipo wasafiri walipotua.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 haikuwa, mwanzoni, na mabehewa ya chakula, hivyo abiria wa madaraja ya juu walishuka kula katika dak bangalo, nyumba za mapumziko zilizoigwa kutoka India, kama zile za Voi na Makindu, huku garimoshi likiwangoja. Abiria wa daraja la chini walijitegemea. Mabehewa ya chakula yalipoletwa, meza hizo zilikosa walaji.

Barabara ndiyo iliyoipa Kiboko zamu yake. J. A. Hunter, Mskoti wa idara ya wanyamapori ambaye kati ya 1944 na 1946 aliua vifaru zaidi ya 900 katika eneo la Makueni ili Wakamba wagawiwe mashamba, alijenga baadaye hoteli ya Hunter's Lodge kando ya bwawa la Kiboko, chini ya migunga yenye magome ya manjano. Ni kinaya kwamba jina la aliyefyeka vifaru lilibaki njiani kama jina la mahali pa kunywa chai.

Hata hivyo, chakula chenye asili ya hapo kilikuwa cha vibandani: muthokoi, yaani mahindi yaliyorashiwa maji, yakatwangwa kinuni hadi ganda litoke, yakapepetwa, kisha yakachemshwa polepole pamoja na maharagwe au mbaazi.

Tangu mwaka 2017 reli mpya huwapitisha abiria wengi bila kutua Kiboko. Lakini katika hekalu la Makalasinga lililojengwa Makindu mwaka 1926, msafiri wa dini yoyote, akishavua viatu na kufunika kichwa, bado hupewa chakula bure.