Mavuno au Makazi? Kuporomoka kwa Miamba ya Chaza katika Ghuba ya Chesapeake, 1865–1959

Historia ya chaza wa Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mavuno: yalipanda, yakafikia kilele, kisha yakaporomoka. Makala haya yanajenga hoja kwamba usimulizi huo unaficha jambo la msingi zaidi. Kilichoondolewa majini hakikuwa chakula pekee, bali pia makazi ambayo chaza mwenyewe aliyajenga.

Mabuu ya chaza huelea majini kwa takriban wiki mbili au tatu, kisha hujibandika juu ya kitu kigumu. Katika ghuba yenye tope jingi, kitu hicho aghalabu ni ganda la chaza aliyetangulia. Kizazi hukaa juu ya kizazi mpaka mwamba ukainuka. Mwamba huo hupunguza nguvu ya mawimbi. Nyuma yake mashapo hutulia, na nyasi za kinamasi hupata pa kushikilia mizizi. Kinamasi nacho hunasa udongo utokao nchi kavu, ambao ungewafukia chaza. Makazi haya mawili hulindana.

Mwaka 1820 jimbo la Maryland lilipiga marufuku uvunaji wa chaza kwa nyavu za chuma zinazokokotwa, lakini mwaka 1865 liliuruhusu kwa leseni. Mwaka uliofuata reli ilifika Crisfield. Katika msimu wa 1884–1885 mavuno ya jimbo hilo yalifikia takriban busheli milioni 15. Nyavu hizo hazikuchukua chaza tu. Ziliparura na kusawazisha mwamba. Maganda mengi hayakurudi majini: yalitandazwa barabarani, yalichomwa chokaa, na sehemu ya mji wa Crisfield ilijengwa juu yake.

Maarifa ya wakati huo hayakukosekana. Mwaka 1877 Karl Möbius, aliyechunguza chaza wa pwani ya Ujerumani, aliunda dhana ya biosenosi, yaani jamii ya viumbe wanaotegemeana mahali pamoja. Katika miaka ya 1878–1879 Francis Winslow alipima miamba ya Tangier na Pocomoke, na mwaka 1884 tume iliyoongozwa na William K. Brooks wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilitahadharisha juu ya uvunaji uliopita kiasi. Sheria ya mwaka 1890 ilitaka chaza wadogo warudishwe majini. Hata hivyo, kipimo chake kilikuwa ukubwa wa chaza mmoja mmoja, si hali ya mwamba.

Yapo maelezo yanayoyataja magonjwa kuwa chanzo kikuu cha kuporomoka huko. Mfuatano wa matukio hauyaungi mkono kikamilifu. Ugonjwa wa Dermo ulitambuliwa katika ghuba hiyo mwaka 1949, na ule wa MSX mwaka 1959, wakati ambapo mavuno ya Maryland yalikwishashuka chini ya theluthi moja ya kilele. Magonjwa yaliikuta miamba ikiwa tayari imedhoofika, yakaongeza hasara na kukwamisha urejeo wake.

Mwaka 1988 mwanaikolojia Roger Newell alikadiria kwamba chaza wa kabla ya mwaka 1870 waliweza kuchuja maji ya ghuba nzima kwa chini ya wiki moja, ilhali waliosalia wangehitaji karibu mwaka mzima. Tofauti hiyo haionekani katika takwimu za masoko. Kwa hiyo, mtafiti anayetegemea hesabu za busheli pekee huona kilichouzwa. Kilichopotea kinahitaji kutafutwa katika vipimo vya sakafu ya bahari.