Ukusanyaji wa penseli za zamani

Ukusanyaji wa penseli za zamani ni burudani ya kutafuta, kutambua na kuhifadhi penseli za mbao ambazo hazitengenezwi tena. Umri wa penseli hukadiriwa kwa chapa iliyogongwa ubavuni, rangi, aina ya mbao na umbo la kishikizo cha raba. Penseli yenye raba ilipewa hataza Marekani mwaka 1858 kwa jina la Hymen Lipman, ingawa hataza hiyo ilibatilishwa baadaye.

Miongoni mwa zinazotafutwa sana ni Blackwing 602 ya kampuni ya Eberhard Faber, iliyotengenezwa Marekani tangu miaka ya 1930 hadi 1998. Kishikizo chake ni bapa, na raba yake hubadilishwa. Jina Blackwing lilifufuliwa na kampuni nyingine mwaka 2010, hivyo wakusanyaji huchunguza chapa kwa makini.

Baadhi ya penseli za zamani zilitengenezwa kwa mbao za mtarakwa (Juniperus procera) kutoka Afrika Mashariki. Penseli isiyochongwa, hasa ikiwa ndani ya boksi lake, huthaminiwa zaidi. Huhifadhiwa mahali pakavu pasipo jua kali, kwani mwanga hufifisha rangi na unyevu hupinda mbao.