Machale ya Nani? Mwili, Mfereji na Uamuzi wa Kiongozi Namuwongo

Mafunzo ya uongozi yanayotolewa siku hizi katika miji yetu yana fundisho linalorudiwa mno: kiongozi ausikilize mwili wake, kwani tumbo likipata joto au moyo ukikataa, kuna jambo ambalo akili bado haijaling'amua. Dai hili si upuuzi. Kiswahili chenyewe kinalitambua. Tunasema machale yamemcheza fulani, na katika sentensi hiyo machale ndiyo yanayotenda, mtu ni mtendwa tu. Ninachokipinga ni kulifunga fundisho hili na cheo, kana kwamba kiti cha mkurugenzi ndicho kinachozaa machale. Hoja yangu ni kwamba hisia ya mwili huaminika kwa kadiri ya mahali mwili huo ulipofundwa, na mfano wa kuonyesha jambo hili uko Namuwongo, Kampala.

Kwamba mwili hushiriki katika uamuzi, wengi wamelikubali tangu Antonio Damasio, mtaalamu wa neva, achapishe kitabu chake kuhusu jambo hili mwaka 1994. Ugomvi uko kwenye ushahidi. Mwaka 1997 mtafiti Bechara na wenzake walieleza kuwa wachezaji wa karata walianza kutoka jasho viganjani kabla ya kugusa mafungu yenye hasara, hata pale ambapo hawakuweza kusema kwa nini wanayaogopa. Mwaka 2004 watafiti wengine, Maia na McClelland, waliwahoji wachezaji wa mchezo huohuo kwa maswali ya kina zaidi, wakakuta kwamba walikuwa wanajua vizuri mafungu yapi ni mabaya. Kwa wanaotaka mwili uwe nabii, pigo hilo ni zito. Kwangu halivunji kitu, maana jasho lenyewe lilikuja baada ya mchezaji kupoteza mara kadhaa: karata ndizo zilizoufundisha mwili. Ndiyo sababu naegemea makala ya Kahneman na Klein ya mwaka 2009, iliyoandikwa na wataalamu waliotoka kambi mbili zinazopingana. Wao wanasema machale ya mjuzi yanategemewa endapo mazingira yake yana utaratibu unaojirudia, na endapo yeye hupata majibu ya wazi kila anapopatia au kukosea.

Tuyapime masharti hayo ukingoni mwa mfereji wa Nakivubo. Mfereji huu hubeba maji ya mvua na maji machafu ya katikati ya jiji, hupita Eneo la Viwanda, kisha huelekea kwenye kinamasi na Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Kati yake na reli ya Port Bell zimebanana nyumba za Namuwongo. Mvua ikipiga Nakasero na Mengo, mabati na lami havinywi maji. Hushuka yote bondeni kwa pamoja, na mfereji ukiwa umezibwa na takataka hauna pa kuyapeleka. Aliyelala ukingoni huusikia mlio wa maji ukibadilika, chupa za plastiki zikigongana, na harufu ya matope ikipanda, huku kwake pengine kunanyunya tu. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa la mtaa, ssentebe kama wanavyomwita huko, anapaswa kuamua gizani: awaamshe majirani wabebe watoto na magodoro, au angoje? Akiwaamsha bure mara tatu, ya nne hawatatoka. Akichelewa, maji yamekwisha kuingia ndani. Kwa vyovyote vile, jibu analipata kabla hakujapambazuka, na analipata tena kila msimu wa mvua. Uchaguzi wa LC1 wa Julai 2018 ulikuwa wa kwanza tangu mwaka 2001. Hilo ni doa kwa demokrasia, lakini kwa aliyekaa kitini miaka yote hiyo, ilikuwa pia shule ndefu. Mhandisi wa jiji ana ramani na vipimo asivyonavyo mwenyekiti, na vinahitajika sana. Ila tumbo la mhandisi halijawahi kufanya mtihani huu.

Mwenyekiti huyohuyo aletewe kijana anayeitwa mwizi usiku wa manane. Damu itamchemka vilevile, moyo utampiga vilevile, na pengine kwa nguvu zaidi. Hapa hisia hiyo haina thamani yoyote. Umati ukishampiga kijana, hakuna anayerudi kuchunguza kama aliiba kweli, kwa hiyo hakuna anayejifunza kwamba alikosea. Ukali wa hisia hautuambii lolote kuhusu usahihi wake.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka Uganda kwenyewe. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90, akidai kwamba Mungu alimwagiza ndotoni. Msomaji ana haki ya kuuliza kama kuyatetea machale si kuwafungulia mlango watawala wa aina hiyo. Nadhani ni kinyume chake. Amin hakuwa na mfululizo wa maamuzi ya namna hiyo wa kumfundisha, na waliokuwa karibu naye waliogopa kumwambia kwamba anakosea. Pengine naivuta hoja mbali, lakini nasema hivi: kadiri kiti kinavyopanda, wanaothubutu kumsahihisha mwenye kiti hupungua, na machale yake hudumaa. Mkubwa ndiye mwenye sababu chache zaidi za kuuamini mwili wake.

Kwa hiyo semina nyingine haihitajiki. Mamlaka ya jiji, KCCA, iwape wenyeviti wa kando ya mfereji daftari, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku. Waandike saa waliyotoa onyo, walichosikia au kunusa, na maji yaliishia wapi. Mhandisi naye aweke vipimo vyake vya mvua pembeni mwa maandishi hayo. Baada ya misimu michache itajulikana ni machale ya nani yanayotegemewa. Hadi hapo, uamuzi wa kuwaamsha watu wa Namuwongo aachiwe anayelala ukingoni.