Aseniki na Wasomaji Wake: Wataalamu wa Sumu katika Bonde la Mto Mara

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha huzitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuishia kwenye vinamasi vilivyo kando ya Ziwa Victoria. Katika nchi hii ya Wakurya, Waikoma, Wanata na majirani zao, swali la kipi ni sumu na kipi si sumu limeulizwa kwa zaidi ya karne moja, lakini aliyeitwa kulijibu hakuwa mtu wa fani moja wakati wote. Toksikolojia, yaani taaluma inayochunguza namna sumu inavyoingia mwilini, kwa kiasi gani na kwa madhara gani, ni elimu changa katika eneo hili, na waliotangulia kuifanya kazi yake walikuwa wawindaji, madaktari wa malale, mabwana mifugo, wanajiolojia na wanabotania. Kila mmoja alikiona kile ambacho ufundi wake ulimzoeza kukitafuta, na hakuna dutu inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko aseniki, ambayo kwa nyakati tofauti imepita katika ukanda huu wa ziwa ikiwa dawa ya binadamu, ikiwa dawa ya mifugo na hatimaye ikiwa uchafu wa maji.

Wataalamu wa mwanzo hawakuhitaji aseniki, kwa sababu walikuwa na msunguti. Utomvu wa mti huo, uliochemshwa hadi ukawa mzito na mweusi, ulipakwa kwenye mishale na wawindaji wa Serengeti ya magharibi, na nguvu yake inatokana na kemikali iitwayo ouabaini, ambayo Mfaransa Arnaud aliitenga maabarani mwaka 1888 na ambayo huvuruga mapigo ya moyo mpaka yakome. Mwindaji alijua kwamba sumu iliyokuwa imeingia kwenye damu ya mnyama haikumdhuru mlaji, ilimradi nyama iliyozunguka jeraha ikatwe na kutupwa, na alijua pia jinsi ya kupima ukali wa mchemsho wake kabla ya kuuamini. Njia ya sumu kuingia mwilini na kiasi chake ndiyo mambo mawili ambayo vitabu vya toksikolojia huanza nayo hadi leo, hata kama wawindaji hao hawakuwahi kutambuliwa kuwa wasomi na utawala wa kikoloni uliwageuza kuwa majangili.

Madaktari waliofuata walikuja kwa ajili ya vimelea. Robert Koch, Mjerumani aliyejijengea jina kwa kugundua kimelea cha kifua kikuu, alifika Ziwa Victoria mwaka 1906 na kupiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi mno. Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, nayo ilikuwa mchanganyiko wa kemikali wenye aseniki ndani yake. Wagonjwa wengine walipata nafuu kwa muda, lakini dozi zilipoongezwa baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Tukio hilo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa masomo ya awali ya toksikolojia katika ukanda wa ziwa, ingawa Koch mwenyewe aliliona kuwa sehemu ya vita dhidi ya vimelea, na si somo la sumu hata kidogo. Maabara ya serikali jijini Dar es Salaam, ambayo historia yake rasmi huanza mwaka 1895, wakati wa Wajerumani, ilizaliwa katika mazingira hayohayo ya kutafiti magonjwa ya nchi za joto, na miongo mingi baadaye ndiyo iliyokuja kuwa ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako leo hupelekwa sampuli za maji, vyakula, dawa na viungo vya marehemu wanaodhaniwa kulishwa sumu.

Waingereza walipochukua Tanganyika, malale yaliendelea kuamua nani aitwe mtaalamu wa mazingira. Mwaka 1922 ugonjwa huo ulijitokeza Maswa, upande wa kusini-magharibi wa nyika za Serengeti, na daktari George Maclean akaongoza sera ya kuwakusanya watu kutoka vijiji vilivyotawanyika hadi makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, kwa hoja kwamba mbung'o anayeueneza hawezi kuishi pasipo kivuli. Mwenzake katika kazi hiyo, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, hakuwa daktari. Alikuwa mkulima na mpenzi wa wadudu na ndege aliyepandishwa kuwa mkuu wa wanyamapori. Kwa wataalamu hao hatari ilikuwa ni kichaka, na dawa ilikuwa ni shoka na moto. Baada ya Vita Kuu ya Pili silaha ilibadilika: kituo cha utafiti wa viuadudu kilichoanzishwa Uganda mwaka 1945 ili kupima DDT na jamaa zake kilihamia baadaye Arusha, kikakua kuwa taasisi ya taifa ya viuatilifu, na hivyo wataalamu wa kwanza wa kudumu wa sumu za kemikali nchini wakawa wanabiolojia wa wadudu, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha sumu inaua.

Mabwana mifugo nao walikuwa na hesabu kama hiyo. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ulipoenea Afrika Mashariki, kinga iliyoaminika ilikuwa kumtumbukiza mnyama katika josho la maji yaliyochanganywa na aseniki, na desturi hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa hadi viuatilifu vipya vya klorini vilipochukua nafasi yake. Aseniki haiozi, ikimwagwa ardhini hubaki hapo au huhama na maji, kwa hiyo mahali palipokuwa na josho la zamani ni mahali ambapo mpimaji wa leo hana budi kuuliza historia kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Bwana mifugo hakufundishwa kujiuliza udongo wa pembeni ya josho ungekuwaje baada ya miaka 50, na si haki kumlaumu kwa hilo.

Vijijini, aliyewakilisha afya ya mazingira kwa macho ya mwananchi alikuwa bwana afya, mtu wa kukagua vyoo, visima, machinjio na migahawa. Baada ya uhuru kada yake ilipata sauti kubwa zaidi katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyotumia redio na vikundi vya masomo kuwafikia takriban watu milioni 2, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Kampeni hiyo ilikuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya elimu ya watu wazima barani Afrika, lakini adui wake alikuwa kijidudu, na chombo cha bwana afya kilikuwa jicho, kanuni za usafi na klorini. Hata sheria ya mwaka 2007 iliyoweka utaratibu wa kuwasajili wataalamu wa afya ya mazingira ilimkuta afisa wa wilaya akiwa hana kifaa cha kupimia metali nzito.

Wakati huo dhahabu ilikuwa tayari imekwisha kulibadilisha swali. Katika Nyamongo, wilayani Tarime, wachimbaji wadogo walikuwa wakifanya kazi kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, mgodi ambao ulibadilisha wamiliki hadi ukaingia mikononi mwa Barrick mwaka 2006. Hapo sumu zilikuwa za aina tatu, zenye tabia tofauti. Zebaki hutumiwa na mchimbaji mdogo kukamatia chembe za dhahabu, na huwa hatari zaidi anapoichoma hewani, kwa kuwa mvuke wake huvutwa na aliyeshika kikaango na wale waliomzunguka. Sianidi hutumiwa kiwandani kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, na mabaki yake huhifadhiwa katika bwawa la topesumu. Ya tatu haiongezwi na mtu yeyote: miamba yenye salfidi, yaani madini yaliyofungamana na salfa, inapotolewa chini na kukutana na hewa na mvua hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha nikeli, kadimi na aseniki zilizokuwa zimetulia ndani ya jiwe.

Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mto Mara. Kampuni ilieleza kwamba wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa kuzuia uvujaji; wanavijiji walilalamikia vidonda vya ngozi, vifo vya mifugo na hata vya watu. Waliokwenda kupima hawakutumwa na wizara pekee. Ripoti iliyosomwa sana iliandikwa kwa ajili ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Manfred Bitala, Charles Kweyunga na Mkabwa Manoko, na nyingine ilimwunganisha Manoko na Åsgeir Almås wa Norway, mwanasayansi wa udongo. Manoko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mwanabotania ambaye shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Uholanzi, ilihusu uainishaji wa mnavu wa Afrika na jamii zake. Walipima udongo, mashapo na maji, wakapata katika baadhi ya maeneo ya karibu na mgodi viwango vya metali vilivyozidi miongozo ya maji ya kunywa ya Shirika la Afya Duniani.

Sampuli ya mashapo, hata hivyo, haisemi ni kiasi gani kimefika kwenye figo la mtu. Walioligusa swali la mwili katika machimbo ya Ziwa Victoria walitoka kwingine: Justinian Ikingura, mwanajiolojia wa Dar es Salaam, aliyeshirikiana na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata, alichapisha mwaka 1996 vipimo vya zebaki katika samaki na watu, na miaka ya karibuni Elias Nyanza wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, mtaalamu wa afya ya mazingira na ya kazini, aliwafuatilia mamia ya wajawazito na kupima aseniki na zebaki miilini mwao. Kazi ya Nyanza ilifanyika katika jamii za wachimbaji wadogo wa kaskazini mwa Tanzania, na humo aseniki imekuja kusomwa na mtu aliyefundishwa kuitafuta kwa ajili ya afya ya mama na mtoto.

Serikali kwa upande wake iliendelea kutumia wakaguzi na wahandisi. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kutiririka kwa maji ya bwawa la topesumu, na baadaye mwaka huohuo likasimamisha kwa muda matumizi ya bwawa hilo. Mwezi Machi 2022 maji ya Mara yalipogeuka rangi na samaki kuelea wakiwa wamekufa, kamati iliyoundwa na waziri iliongozwa na Profesa Samwel Manyele, mhandisi wa kemikali aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni ndani ya maji. Umma ulicheka, na bungeni maelezo hayo yalipingwa waziwazi. Kicheko hicho kilikuwa na sababu zake katika kumbukumbu ya Tigithe, lakini kisayansi hakikuwa na msingi kamili: miaka minne kabla, wanaikolojia Christopher Dutton na Amanda Subalusky walikuwa wamechapisha utafiti wa mto huohuo, upande wa Kenya, ulioonyesha kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000, kikisukumwa kutoka madimbwini na mafuriko ya ghafla, hunyang'anya maji oksijeni na kuua samaki kwa wingi. Jina la utafiti huo halikusikika katika mabishano ya barazani, na wataalamu wa wanyamapori walioufahamu mto huo kwa miaka mingi hawakuwa ndio walioitwa mbele ya vipaza sauti.