Upana wa Reli Hautoshi: Mapokeo Manne ya Kuamsha Chipu

Mwaka 1916, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika upande wa Moshi, reli iliyotoka Voi ilivutwa kupitia Taveta ikaungwa na reli ya Wajerumani pale Kahe. Zilijengwa na dola mbili zilizokuwa zinapigana, lakini zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja, kwa hiyo behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kufika chini ya Kilimanjaro bila kushushwa mzigo. Upana ndio uliokuwa mmoja. Dereva aliyezoea njia ya Voi bado alihitaji kuambiwa maji yanapatikana stesheni ipi, mteremko unaanzia wapi, na ishara ipi ina maana gani.

Naikumbuka reli hiyo kila ninapopita Holili, ambako Taveta ipo ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kazi ninayoipenda hueleweka vibaya kwa namna hiyo hiyo, kana kwamba upana mmoja unatosha. Kazi yenyewe ni kuhamisha butiloda, yaani ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo endeshi, kutoka chipu moja kwenda nyingine. Wengi hudhani kwamba chipu mbili zikiwa za ukoo wa ARM, basi programu ya hii itakubali kwa ile. Chukua Allwinner A64 na Rockchip RK3399. Zote zina viini vya Cortex-A53. Zote zina kifaa cha siriali cha aina ile ile, na draiva moja inavihudumia vyote viwili. Lakini kwenye A64 siriali ya kwanza iko anwani 0x01c28000 na kwa kawaida huongea kwa kasi ya 115200. Kwenye RK3399, siriali ya ukaguzi iko 0xff1a0000 na kawaida yake ni 1500000. Ukikosea anwani, kimya. Ukikosea kasi, kioo kinajaa takataka za herufi. Hata mahali pa kuanzia kusoma kadi ya SD hapafanani: A64 huitafuta programu yake baada ya kilobaiti 8 za mwanzo, RK3399 baada ya kilobaiti 32.

Na hapo hatujagusa RAM. Umeme ukiingia, chipu huendesha programu fupi iliyochomwa kiwandani ndani yake, isiyoweza kufutwa. Hiyo huchukua kipande cha kwanza cha butiloda na kukiweka kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani, ambayo mara nyingi ni makumi machache tu ya kilobaiti. Kipande hicho ndicho chenye kazi ngumu kuliko zote: kupanga mapigo ya saa, kuomba volti sahihi, kisha kuifundisha RAM ya nje kuongea na chipu, waya kwa waya, hadi data ipite bila kosa. Ikishindikana hapo, hakuna cha kuendelea nacho.

Swali linalonisumbua ni hili: ujuzi huo wote wa anwani, kasi, volti na RAM unatunzwa wapi, na nani anaruhusiwa kuusoma? Mapokeo ya kuamsha mashine yanatofautiana hapo zaidi ya kwingine kokote, na kila pokeo hupimwa siku linapotakiwa kuhamia chipu mpya.

Pokeo la kompyuta za mezani nitalipitia haraka. Tangu kiwango cha ACPI kilipotangazwa mwaka 1996, na tangu jukwaa la UEFI lilipoundwa mwaka 2005, mtengenezaji wa bodi huandika majedwali yanayoieleza mashine, na mfumo endeshi huyasoma. Mnunuzi anapata raha: anaweka Windows au Linux na mambo yanakwenda. Lakini mwenye kuyaandika majedwali ni mtengenezaji, na programu inayoyatoa mara nyingi imefungwa. Bodi ikifa na kampuni ikaacha kuihudumia, ujuzi wake unazikwa nayo.

Pokeo la pili limewahi kufika mikononi mwa watoto wa ukanda wetu, ingawa wachache walilijua. Rwanda ilipoanza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo za XO za mradi wa OLPC, ambazo baadaye zilizidi 200,000, kila mashine ilikuwa inaamshwa na Open Firmware. Mtindo huo ulianzia kampuni ya Sun ukawa kiwango cha IEEE mwaka 1994, na aliyeuleta kwenye XO ni Mitch Bradley, mmoja wa waasisi wake. Matoleo ya mwanzo kabisa ya XO yalikuwa yamejaribu LinuxBIOS, mradi ulioanzishwa na Ron Minnich mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos na ambao leo unaitwa coreboot. Falsafa ya LinuxBIOS ni kufanya kidogo kadiri inavyowezekana, kisha kuiachia programu nyingine iendelee. Open Firmware inakwenda upande wa pili: ndani yake mna lugha nzima ya Forth. XO iliyoondolewa kufuli la usalama, ukiisimamisha kabla mfumo haujapanda, ilikujibu kwa neno moja, ok, ikakungoja. Ungeandika amri ya test-all, nayo ingepima vifaa vyake yenyewe kimoja kimoja mbele ya macho yako.

Naliheshimu sana pokeo hilo, kwa sababu mashine ilikuwa inajieleza kwa yeyote aliye mbele yake, hata pasipo intaneti wala kompyuta ya pili. Na lilihamishika: XO ya kwanza ilitumia chipu ya AMD Geode ya ukoo wa x86, lakini XO-1.75 ilihamia chipu ya ARM ya Marvell, na Open Firmware ikahama nayo. Kilichoikwamisha ni watu. Wanaoandika Forth ni wachache mno, na ujuzi unaowategemea wachache huyumba wakiondoka. Hata hivyo haikufa bila kuacha mrithi. Namna yake ya kuieleza mashine kama mti wenye matawi, kila tawi kifaa kimoja, ilichukuliwa na Linux ya chipu za PowerPC, na baadaye ikaingia ARM.

Mrithi huyo anaishi leo ndani ya U-Boot, pokeo la tatu. Lilianza kama programu ya Magnus Damm iitwayo 8xxROM. Wolfgang Denk alipoipeleka kwenye tovuti ya SourceForge ilibidi ibadilishwe jina, kwa kuwa huko jina lisingeweza kuanza na tarakimu. Ikawa PPCBoot, na mwaka 2002, ilipokwisha kuvuka mipaka ya PowerPC, ikawa U-Boot. Kwa miaka mingi ujuzi wa kila bodi ulifichwa ndani ya msimbo wenyewe: faili la mipangilio kwa bodi hii, jingine kwa bodi ile, na nusu ya maneno yamenakiliwa kutoka kwa jirani. Aliyetaka kuhamia bodi mpya alinakili faili la bodi iliyokaribia kufanana kisha akabadilisha namba hadi kitu kiwake. Kerneli ya Linux upande wa ARM ilikuwa na ugonjwa huo huo, na mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamika waziwazi. Dawa ikawa mti wa vifaa: faili la maandishi linalosema siriali iko anwani hii, inatumia draiva hii, inapata mapigo ya saa kutoka pale. Tangu mwaka 2014, U-Boot ikaanza kujipanga upya kwa mtindo huo, kwa kazi iliyoongozwa na Simon Glass.

Ukiufungua mti wa A64 ukautandaza kando ya ule wa RK3399, utaona tofauti za anwani na kasi nilizozitaja hapo juu zimeandikwa kama orodha ya mizigo, mstari kwa mstari, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzifuata. Kwangu huo ndio ushindi mkubwa wa pokeo hili. Ujuzi uliokuwa kichwani mwa mhandisi mmoja sasa unasomwa, unakosolewa na kusahihishwa na mtu ambaye hajawahi kuishika bodi hiyo.

Pokeo la nne halina kitabu wala mwasisi anayejulikana. Liko kwenye meza za mafundi simu, Holili, Himo, Moshi mjini na kila penye stendi. Simu nyingi zinazofika hapo zina chipu za MediaTek au Unisoc, na zile za MediaTek fundi anazifufua kwa kompyuta, waya wa USB na faili la skata, maandishi yanayosema kila sehemu ya hifadhi ya simu inaanzia anwani gani. Nilimtazama fundi mmoja hapo mpakani akilinganisha namba iliyo nyuma ya simu na jina la faili mara mbili kabla ya kugusa kitufe. "Dada, priloda ya simu nyingine usiweke," aliniambia. "Hata kama simu ni jina moja. Ikikataa hapo, imekwenda." Pia hakuruhusu chaguo la kufuta kila kitu, kwa sababu linaondoa namba za IMEI, na tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inazuia simu zenye IMEI zisizotambulika.

Onyo lake lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Priloda, yaani kipande cha kwanza cha butiloda ya MediaTek, ndiyo inayobeba mipangilio ya RAM. Simu mbili za jina moja zikiwa zimefungwa RAM za viwanda tofauti, priloda ya moja inaweza kushindwa kuiamsha nyingine. Fundi amelijua hilo kwa simu zilizokufia mezani. Mwandishi wa U-Boot amelijua kwa mafaili ya vipimo. Wamefika kwenye ukweli mmoja kwa njia mbili, ila wa kwanza hana mahali pa kuuandika ukasomwa Kahama au Kisumu. Unabaki kwenye kundi la WhatsApp, na kesho umefunikwa na ujumbe mwingine.

Nisilisifu pokeo la wazi kupita kiasi. Kwenye RAM hata lenyewe hujikwaa. Kwa RK3588, U-Boot bado hutegemea kipande cha RAM kilichofungwa kinachotolewa na Rockchip. Kwa chipu za Allwinner, jumuiya ya linux-sunxi haikukubali hali hiyo: walichunguza programu ya kiwanda inaandika nini kwenye rejista zipi, kisha wakaandika yao, na leo mtu anaweza kuiamsha A64 bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kazi hiyo ilitaka uvumilivu wa aina ile ile niliyoiona Holili, wa mtu anayejaribu, anayeangalia na kulinganisha, na ambaye hagusi asichokielewa.

Kwa hiyo, walimu wa Chuo cha Ufundi Arusha na wa Taasisi ya Nelson Mandela, waiteni mafundi hawa maabara. Wekeni mezani faili la skata la simu moja na mti wa vifaa wa bodi moja ya bei nafuu ya Allwinner. Anayesoma la kwanza anahitaji wiki chache tu kulisoma la pili. Kisha mpeni bodi ambayo U-Boot bado haiitambui, na waya wa siriali, aanze na herufi moja kwenye kioo.